Kutoa nyaya kongwe za pesimeka na difibrileta kwa leza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akikaa na kifaa kifuani miaka kumi na kitu, hukisahau. Halafu siku moja anaambiwa, "Nyaya zako itabidi zitoke," na swali la kwanza linalomtoka mdomoni ni: nyaya gani tena? Tuanzie hapo hapo.

Kwani nina nyaya ngapi, na ziko wapi hasa?

Kile kidude unachokipapasa chini ya ngozi karibu na mtulinga ni kasha tu, ndani yake mna betri na kompyuta ndogo. Wengine hukiita betri ya moyo, na ndiyo maana nyaya hazizungumzwi sana. Lakini kasha lenyewe haligusi moyo. Kinachogusa moyo ni waya.

Pesimeka ya kawaida, yaani kifaa kinachouchochea moyo upige kwa umeme mdogo, ina waya mmoja au nyaya mbili. Kifaa cha kuoanisha mapigo ya upande wa kulia na wa kushoto wa moyo huwa nazo hadi tatu. Waya huingia kwenye mshipa ulio chini ya mtulinga, hupinda na kushuka ndani ya vena kava ya juu, yaani ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, kisha huingia moyoni. Mmoja huishia chumba cha juu cha kulia. Mwingine hupenya valvu ya trikaspidi, ule mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha kulia, na kufika chumba cha chini. Ncha yake hushika kwenye msuli wa moyo kwa skrubu ndogo sana, au kwa vijipembe laini vinavyonasa.

Waya wa difibrileta, kile kifaa kinachoupiga moyo shoti ukianza kwenda mbio za hatari, ni mnene zaidi kwa sababu una koili ya chuma ya kupitishia umeme huo. Nyingine zina koili mbili. Hilo la koili mbili likumbuke, tutalirudia.

Betri yangu ilishabadilishwa mara mbili. Mbona nyaya hawakuzigusa?

Kwa sababu hapakuwa na haja. Kubadilisha betri ni kufungua ngozi, kuchomoa nyaya kwenye kasha la zamani, kuzipima, na kuzichomeka kwenye kasha jipya. Makasha huja na kuondoka. Arne Larsson, Mswidi aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kupandikizwa pesimeka, mwaka 1958, alitumia vifaa zaidi ya ishirini maishani mwake na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Kile cha kwanza kabisa kilidumu saa chache tu.

Nyaya zenyewe hubaki zilipo, na huko ndani haziachwi hivi hivi.

Kwa nini waya usivutwe tu ukatoka?

Umewahi kuona mti uliofungwa waya wa uzio miaka mingi iliyopita? Gome hukua likaumeza waya. Ukiuvuta, ama unakatika, ama unaondoka na kipande cha mti.

Mwili hufanya vivyo hivyo. Siku chache baada ya waya kuwekwa, damu huganda kidogo kidogo juu yake. Baadaye bonge hilo hugeuka kovu, na kovu hilo huushika waya kwenye ukuta wa mshipa. Haushikwi kila mahali kwa nguvu sawa. Sehemu sugu zinajulikana: pale unapoingilia mshipani, pale mshipa unapopinda kuingia vena kava, pale vena kava inapokutana na moyo, kwenye valvu, na kwenye ncha. Nyaya zikiwa mbili hushikana na zenyewe. Zile koili za difibrileta ndizo mbaya zaidi, kwa sababu kovu hupenya katikati ya mizunguko ya chuma. Miaka ikizidi, kovu huanza kuingia chokaa likawa gumu kama ganda la yai, na zaidi.

Waya ambao haujatimiza mwaka mara nyingi hutoka kwa kuvutwa taratibu. Wa miaka minane au kumi na mitano ni habari nyingine. Kabla ya zana za leo, kuna wakati madaktari walikuwa wanafunga waya kwenye kamba, wanapitisha kamba kwenye roda na kuning'iniza kizito, mgonjwa akiwa amelala kitandani akisubiri waya uachie. Wakati mwingine uliachia. Wakati mwingine ulikatika, au ukachana moyo.

Leza inafanya nini, na je, itanichoma?

Waondoe akilini wale askari wa sinema wanaokata milango ya chuma kwa mwanga. Leza inayotumika hapa ni eksima, inayotoa mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 308. Ni ndugu wa ile inayotumika kurekebisha macho, ingawa ile ya macho ina wimbi fupi zaidi. Kazi yake haiendi mbali: nguvu yake huishia ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Tishu iliyo mbele yake hasa huvunjwavunjwa, maji yaliyomo yanageuka viputo vidogo vya mvuke, na kovu linaachia. Kilicho kando hakipati joto la kutisha.

Mionzi hiyo hupitishwa ndani ya ala, na neno hili limekaa mahali pake kabisa: ni mrija unaouvaa waya kama ala inavyouvaa upanga. Mdomoni mwa ala kuna nyuzi nyembamba za kioo zilizopangwa duara. Zikiwashwa, hukata pete ya kovu kuuzunguka waya.

Ila ala haiwezi kupita juu ya waya unaolegea. Ndiyo maana kwanza daktari hufungua mfuko wa kifaa, anachomoa waya kwenye kasha, anakata kichwa chake, kisha anasukuma waya mwingine mwembamba sana wa chuma ndani ya tundu lililo katikati ya ule wa zamani, hadi karibu na ncha. Huo ukifika, unajifunga kwa ndani. Sasa waya mzee una uti wa mgongo na unavutika bila kurefuka kama mpira. Ala inavalishwa, na safari inaanza.

Safari yenyewe ni ya polepole. Leza huwashwa kwa sekunde kama kumi, inapumzishwa, inawashwa tena, na ala husogea karibu milimita moja kwa sekunde. Mkono mmoja wa daktari unavuta waya, mwingine unasukuma ala, macho yako kwenye skrini ya eksirei. Ikifika karibu na ukuta wa moyo leza huzimwa. Hapo ala inabaki kama kizuizi tu: inaushikilia msuli wa moyo usije nao wakati ncha inavutwa. Mara nyingi ncha huachia ghafla, na kila mtu chumbani anaangalia presha ya damu kabla ya kufurahi.

Je, kuna njia nyingine zaidi ya leza?

Zipo. Zipo ala zenye mdomo wa chuma unaozunguka, ambazo hukata kwa meno madogo. Kwenye kovu lililojaa chokaa hizo ndizo zinazofaa zaidi, maana leza hukwama kwenye chokaa. Ipo pia njia ya kupitia mshipa wa kinenani na kuunasa waya kwa kitanzi. Na upo upasuaji wa kufungua kifua, hasa pale bonge la uchafu wenye vijidudu lililoota kwenye waya linapokuwa kubwa kiasi kwamba likiponyoka litaziba mishipa ya mapafu.

Kwa maoni yangu, kumtafuta "daktari wa leza" ni kuuliza swali lisilo lenyewe. Mtafute mwenye zana zote hizi mezani na anayejua lini aweke moja chini achukue nyingine.

Nina kidonda kidogo tu juu ya kifaa, na antibiotiki zimenisaidia. Lazima vitolewe vyote?

Ndiyo. Hili ndilo swali ambalo watu wengi hupoteza muda wakilipinga, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Vijidudu vikishatua kwenye chuma na plastiki, hujijengea utando wa utelezi. Dawa inayopita kwenye damu haiupenyi vizuri. Unameza vidonge, wekundu unapungua, usaha unakauka, unasema umepona. Baada ya wiki au miezi, unarudi. Safari hii vimeshasafiri kando ya waya hadi ndani ya moyo, na sasa una homa, unatetemeka, na valvu inaanza kuharibika.

Mwongozo wa wataalamu haubabaiki hapa: maambukizi ya mfuko wa kifaa, maambukizi kwenye nyaya au valvu, au kasha lililochungulia nje ya ngozi, hata kama panaonekana pasafi, yote yana jibu moja. Kasha litoke na nyaya zote zitoke. Kubakiza kipande ni kubakiza mbegu. Antibiotiki nazo zinahitajika, lakini ni za kusindikiza: takriban wiki mbili baada ya kutoa kwa maambukizi yaliyobaki mfukoni, wiki nne hadi sita kama valvu imeguswa.

Mambo mawili ya kuzingatia. Ngozi juu ya kifaa ikianza kuwa nyembamba, inang'aa, inabadilika rangi au imeganda kwenye kasha, usisubiri itoboke. Na mfuko ukivimba, asichome mtu sindano "kuangalia kuna nini". Sindano hiyo inaweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havikuwepo.

Na kama hakuna maambukizi, ila waya umeharibika?

Hapo kuna nafasi ya kujadiliana. Waya unaweza kukatika ndani, au gamba lake la silikoni au poliuretani likachanika. Dalili mbaya kuliko zote kwa mwenye difibrileta ni kupigwa shoti akiwa mzima, amekaa zake, kwa sababu kifaa kimesikia mkwaruzo wa waya uliovunjika kikadhani ni moyo unaokwenda mbio.

Zimewahi kutokea nyaya zilizoondolewa sokoni kwa ajili ya kasoro kama hizi. Sprint Fidelis iliondolewa mwaka 2007 kwa sababu ya kuvunjika. Riata ilipewa tahadhari ya juu kabisa ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani mwaka 2011, baada ya nyaya za ndani kuonekana zikitokeza nje ya gamba. Kuwa na waya wa aina hiyo hakukuwa na maana kwamba kila mtu alale mezani atolewe. Wengi walifuatiliwa kwa karibu tu.

Daktari ana njia mbili: kuufunika waya mbovu kichwa na kuuacha, akiweka mpya kando yake, au kuutoa. Kuuacha ni rahisi leo. Kesho ni deni. Mshipa unajaa nyaya na kuziba, kipimo cha picha cha MRI kinakuwa na vikwazo, na maambukizi yakija baada ya miaka kumi, kuna nyaya tatu za kutoa badala ya moja, zote zimezeeka. Kwa kijana wa miaka 30 mimi naegemea kutoa. Kwa mzee wa miaka 85 mwenye maradhi mengine, kuuacha ukalala huenda ndiyo busara. Katikati ya hao wawili, kaeni chini mwongee.

Hatari yake ni kubwa kiasi gani? Niambieni ukweli.

Kinachoogopwa zaidi ni kuchanika kwa vena kava ya juu au ukuta wa moyo. Vena kava pale inapoteremka kuelekea moyoni ina ukuta mwembamba, na sehemu yake haina nyama ya kuishikilia kwa nje. Ikichanika, damu inamwagika kifuani au inajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kuubana. Muda wa kuokoa maisha unahesabiwa kwa dakika.

Takwimu ni hizi. Utafiti uliolinganisha leza na zana za zamani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha nyaya asilimia 94 zilitoka nzima kwa leza, dhidi ya asilimia 64 bila leza. Mwaka 2010 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 1,449 waliotolewa nyaya kwa leza katika vituo 13: asilimia 96.5 ya nyaya zilitoka nzima, madhara makubwa yaliyotokana na kazi yenyewe yalikuwa asilimia 1.4, na vifo vilivyotokana nayo asilimia 0.28. Ulaya nako, kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 3,500 kwa zana za kila aina, zilizochapishwa 2017, zilitaja madhara makubwa asilimia 1.7 na vifo asilimia 0.5.

Kwa maneno mengine, katika watu mia, zaidi ya tisini na tano hupita salama. Ila mgonjwa hana wastani wa watu mia. Ana mwili mmoja. Hatari hupanda kama nyaya ni kongwe, ni nyingi, ni za difibrileta zenye koili mbili, kama mgonjwa ni mwanamke au ana mwili mdogo, au figo zake zimechoka. Na ripoti hiyo ya 2010 ilionyesha jambo jingine: walioingia wakiwa na maambukizi ndio waliofariki zaidi hospitalini, hasa yaliyofika kwenye valvu. Aliyeua hapo kwa sehemu kubwa ni ugonjwa uliocheleweshwa.

Wanajilindaje na hilo la mshipa kuchanika?

Kwa kujiandaa kana kwamba litatokea. Kifua chako husafishwa na kufunikwa kwa vitambaa tayari kwa kufunguliwa, hata kama hakitafunguliwa. Damu ya kundi lako iko chumbani au mlangoni. Daktari mpasuaji wa moyo yupo hapo hapo, na mashine ya moyo na mapafu iko karibu. Altrasaundi iliyopitishwa kwenye umio huonyesha moyo muda wote, ili maji au damu ikianza kujikusanya ionekane mapema.

Siku hizi kuna puto refu laini pia. Huandaliwa kupitia kinenani kabla kazi haijaanza. Mshipa ukichanika, puto linapandishwa hadi vena kava, linajazwa, linaziba tundu, na wapasuaji wanapata dakika za kufungua kifua bila damu kufurika.

Nimuulize nini daktari kabla sijakubali?

Ametoa nyaya za wangapi mwaka uliopita? Mpasuaji wa moyo atakuwa ndani ya jengo au nyumbani anasubiri simu? Wana zana gani zaidi ya leza? Waya ukikatika, mpango ni upi? Nitawekewa kifaa kingine, lini na upande gani? Anayekerwa na maswali haya amekujibu tayari.

Maandalizi yakoje?

Picha ya eksirei ya kifua, mara nyingi na CT skani kuona nyaya zimeshika wapi na kama mshipa umeziba. Echo, yaani altrasaundi ya moyo. Damu ya kuotesha maabara ikiwa kuna shaka ya maambukizi, na ichukuliwe kabla ya kuanza antibiotiki. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, utaambiwa uache lini. Usiache kwa kujiamulia. Njoo na kadi ya kifaa chako na karatasi zozote za upasuaji wa zamani, kwa sababu aina ya waya hubadilisha mpango mzima.

Nitakuwa macho?

Kwa kawaida hapana. Ni nusu kaputi. Wote chumbani watakuwa wamevaa miwani ya kuzuia mionzi, pengine na wewe utafunikwa macho. Kazi yenyewe huweza kuchukua saa moja, huweza kuchukua nne. Ndugu waliokaa nje wasihesabu saa. Kovu halina ratiba.

Moyo wangu hauwezi kupiga bila pesimeka. Wakiitoa itakuwaje?

Hutaachwa hata kidogo bila msaada. Kabla ya kuchomoa ya zamani, waya wa muda huingizwa, mara nyingi kupitia mshipa wa shingoni, na kuunganishwa na pesimeka iliyobandikwa nje ya ngozi. Kama kuna maambukizi unaweza kuishi na huo siku kadhaa, ukila na ukitembea wodini, hadi damu iwe safi. Mwenye difibrileta anaweza kuangaliwa kwenye monita wodini, au kupewa fulana maalumu yenye uwezo wa kutoa shoti.

Kifaa kipya kinawekwa lini?

Kama hapakuwa na maambukizi, mara nyingi siku hiyo hiyo. Ile njia iliyofunguliwa na ala hutumika kupitishia waya mpya, jambo la neema kwa mwenye mshipa ulioziba. Kama yalikuwepo, husubiriwa hadi damu iliyooteshwa isiote kitu kwa angalau saa 72, na zaidi ikiwa bado kuna usaha mahali. Kifaa kipya huenda upande wa pili wa kifua, au kikawa pesimeka isiyo na waya inayokaa ndani ya moyo, au difibrileta ambayo waya wake hupita chini ya ngozi bila kuingia mshipani.

Kabla ya yote hayo, uliza kama bado unakihitaji. Wapo ambao moyo umeimarika tangu kifaa kilipowekwa, na hawarudishiwi.

Waya ukikatika njiani?

Daktari hujaribu kuunasa kwa kitanzi kutoka kinenani. Kipande kidogo kikibaki kwa mtu asiye na maambukizi, mara nyingi huachwa na hakimsumbui. Kwa mwenye maambukizi hakuna kubakiza kwa hiari.

Baada ya hapo je?

Asiye na maambukizi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kidonda kitauma, bega litakaza, michubuko inaweza kushuka hadi kifuani. Rudi hospitali mara moja ukiona homa, kizunguzungu, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, uvimbe unaoongezeka, au mkono na uso kuvimba. Valvu ya trikaspidi inaweza kujeruhiwa waya ulipopita, hivyo echo hurudiwa.

Naweza kupewa nyaya zangu nikazitunze?

Huulizwa zaidi ya unavyodhani. Ncha na vipande vya tishu hupelekwa maabara kuoteshwa vijidudu, na waya wenye kasoro unaweza kutakiwa na mtengenezaji kwa uchunguzi. Zikibaki, inategemea utaratibu wa hospitali. Ila omba angalau kuziona. Waya ulioingia ukiwa laini na unang'aa hutoka umevaa soksi nyeupe ya kovu, nene kama bua la mtama mahali pengine, na pembeni mwa soksi hiyo, ikiwa ala ilipita vizuri, ukingo wake umekatwa sawasawa kama kwa wembe.